Taa Hupimwa Alfajiri

Mwezi ukikua, Ziwa Victoria huzimika. Katika usiku wa giza, mtu aliyesimama Capri Point akitazama ziwani huona mistari ya taa ikipanda na kushuka juu ya maji: hapa nne, pale tano, nyingine mbali kiasi kwamba huwezi kuzitenga na nyota zilizolala karibu na upeo. Siku za mbalamwezi zikiingia, taa hizo hupotea. Dagaa hawaifuati taa wakati anga zima linang'aa, kwa hiyo wavuvi huvuta mitumbwi mchangani, hushona nyavu, huenda kuziona familia zao, na taa hupelekwa kwa fundi.

Nilizichagua siku hizo kwenda kukaa na fundi mmoja kwenye mwalo ulio kaskazini mwa jiji la Mwanza. Kibanda chake cha mabati kimeegemea jiwe kubwa, kama nyumba nyingi za Mwanza zinavyoegemea mawe. Ndani kuna meza yenye makovu ya moto, mita ya kupimia umeme, ndoo ya maji iliyojaa hadi ukingoni, na rafu yenye karabai saba za shaba ambazo hakuna tena anayekuja kuzichukua. Nilimwamkia. Akaitikia "marahaba" bila kuondoa macho kwenye waya aliokuwa akiumenya, kisha akanisogezea dumu nikalie. Taa zilizokuwa zikimsubiri zilizidi thelathini.

"Zote hizi zinawaka, mwanangu," alisema. "Jioni kila taa inawaka. Mimi natengeneza ya alfajiri."

Ilinichukua siku tatu kuyaelewa maneno hayo.

Dagaa wa ziwa hili, ambao Wakenya huwaita omena na Waganda mukene, ni samaki mdogo wa urefu wa kidole. Mchana hukaa chini. Usiku hupanda, akiwafuata vijidudu wa majini anaowala, na akikuta mwanga huuzunguka. Wavuvi hutandaza taa kwenye kamba ndefu, kila moja juu ya chelezo chake, kisha husubiri. Kundi likishakusanyika, taa moja huvutwa taratibu kuelekea mtumbwini, dagaa wakiifuata, na wavu huwazingira. Taa ikizimika katikati ya mvuto huo, kundi hutawanyika na saa zote za kusubiri zimekwenda na maji. Kuna jambo zito zaidi: usiku wa giza, taa ndiyo inayowaambia wenye boti nyingine kwamba hapa pana watu. Mtumbwi usio na taa haupo machoni mwa anayekuja kwa kasi.

Kwa uzito, hakuna samaki anayemzidi dagaa katika mavuno ya Ziwa Victoria leo, hata sangara. Magunia yanayopakiwa kwenye soko la Mwaloni, Kirumba, jijini Mwanza, huenda mikoani, huvuka kwenda Kongo, Burundi, Rwanda na Zambia. Ni chakula cha watu wengi wasio na uwezo wa kununua nyama kila siku. Na karibu chote huanzia kwenye taa iliyotengenezwa juu ya meza kama hii.

Fundi wangu alijifunzia kazi kwenye karabai. Jina hilo lilitokana na taa za kale zilizowaka kwa kabidi na maji, likahamia kwenye taa ya pampu ya mafuta ya taa, ile ambayo chapa ya Petromax ya Ujerumani iliipeleka duniani kote tangu mwanzoni mwa karne ya 20. Alinishushia moja kutoka rafuni ili nione. Mafuta hukaa ndani ya tangi la shaba. Ukipiga pampu, hewa huyasukuma yapande kwenye bomba ambalo umelipasha moto kwa spiriti. Humo hugeuka mvuke, hutoka kwenye tundu jembamba mno, na kuwaka ndani ya kifuko cha kitambaa. Kifuko hicho ni kazi ya Mwaustria Carl Auer von Welsbach, aliyekibuni katika miaka ya 1880. Kitambaa hulowekwa katika chumvi za madini ya thoriamu na seriamu. Ukikiwasha mara ya kwanza, uzi wote huungua, na kinachobaki ni wavu wa majivu. Majivu hayo ndiyo yanayong'aa. Ukiyagusa kwa ncha ya kidole yanavunjika.

Kwa miongo mingi, basi, dagaa wa ziwa hili walivuliwa kwa majivu yaliyobebwa juu ya mawimbi. Anayeweza kuifanya taa ya namna hiyo iwake usiku kucha ni mtu wa subira, na subira hiyo alikuwa nayo kila fundi wa karabai. Alijua kulizibua tundu bila kulipanua, kuilainisha ngozi ya pampu kwa mafuta ili isikauke, kuisikiliza sauti ya taa na kujua kama mvuke unatoka sawasawa. "Karabai ilikuwa inakwambia yenyewe inaumwa wapi," alisema. "Hizi za betri hazisemi kitu. Zinakufa kimya. Kwa hiyo lazima uziulize mapema."

Karabai zilikuwa na gharama yake. Mafuta ya taa yalimeza sehemu kubwa ya alichopata mvuvi kila usiku, na tangi la mafuta yenye moto juu yake halifai kuwa jirani na mtumbwi wa mbao. Mwanga mweupe wa LED uliwezekana baada ya Wajapani Isamu Akasaki na Hiroshi Amano, pamoja na Shuji Nakamura, kufanikiwa kutengeneza mwanga wa buluu kutoka kwenye kipande kidogo cha kifaa cha elektroniki, kazi iliyowapa Tuzo ya Nobeli ya fizikia mwaka 2014. Mwaka huohuo Evan Mills na wenzake walichapisha utafiti kuhusu taa za LED na umeme wa jua kwa uvuvi wa usiku, walioufanya kwenye Ziwa Victoria na Ziwa Tanganyika, ulioonyesha kwamba taa hizo zinaweza kushika nafasi ya mafuta. Leo mvuvi ananunua balbu ya LED dukani, anatafuta betri, anaziunga kwa waya, na jioni taa inawaka. Hapo ndipo matatizo yanapoanza, na hapo ndipo kazi ya fundi inapoanza pia.

Taa ya kwanza aliyoishika asubuhi ile ilikuwa imeletwa na kijana aliyelalamika kwamba balbu ni mbovu. Fundi hakuigusa balbu. Alitazama betri, akatabasamu kwa huzuni kidogo, akanipa kalamu niandike. Balbu ni ya wati 6. Betri ni ya volti 12. Sita ukigawa kwa kumi na mbili ni nusu ampea. Mvuvi anawasha saa moja jioni na anahitaji mwanga mpaka saa kumi na moja alfajiri: saa kumi kamili. Nusu ampea kwa saa kumi ni ampea-saa 5. Betri aliyoinunua kijana ni ya pikipiki, ampea-saa 7.

"Si inatosha?" nilimuuliza. "Saba si zaidi ya tano?"

Akatikisa kichwa. Betri ya risasi haipendi kumalizwa. Ukiishusha chini ya nusu kila usiku, bamba zake zinaota ukoko mgumu, na baada ya muda mfupi haishiki tena chaji. Ya pikipiki ni dhaifu zaidi kwa kazi hii, kwa sababu imetengenezwa itoe nguvu nyingi kwa sekunde chache za kuwasha injini, kisha ijazwe mara moja. Ikichoka hivyo, hubaki na kama nusu ya uwezo wake. Nusu ya 7 ni 3.5, na 3.5 ukigawa kwa nusu ampea ni saa saba. Hesabu kutoka saa moja jioni: saa nane usiku. "Muulize taa yake ilififia saa ngapi," aliniambia. Nilipomuuliza kijana, alijibu bila kufikiri: saa nane, saa tisa hivi. Balbu ilikuwa nzima kabisa.

Nimeona hesabu nyingi zikiandikwa ubaoni na kufutwa. Sijawahi kuona hesabu iliyogusa maisha ya mtu moja kwa moja namna ile. Fundi alimshauri achukue betri kavu ya ampea-saa 12, iliyofungwa isiyomwaga maji yake chelezo kikiyumba, na akamwambia aizimishe taa mwenyewe kila ikifika alfajiri badala ya kungoja ife. Hakumcheka wala hakumwambia kwamba amepoteza pesa.

Baada ya betri, fyuzi. Hapa ndipo nilipomwona akikaza uso. Mteja mmoja alikuwa ameleta taa ambayo fyuzi yake iliungua, akaweka karatasi ya rangi ya fedha ya pakiti ya sigara mahali pake. Taa iliwaka, kwa nini ajisumbue? Fundi aliitoa karatasi ile kwa koleo, akaiweka katikati ya meza, tukaitazama wote.

Watu wengi huamini kwamba volti 12 si hatari, kwa kuwa ukishika vichwa vya betri kwa mikono mikavu husikii kitu. Ni kweli kwamba hazikupigi. Lakini betri hiyo hiyo, waya wa chanya ukigusana na wa hasi, inaweza kumwaga makumi na hata mamia ya ampea kwa pigo moja. Waya mwembamba unakuwa mwekundu kama kaa, plastiki yake inawaka, na chombo ni cha mbao chenye dumu la petroli la injini. Ndiyo maana fyuzi yake huwa ndogo, ampea 2 tu kwa taa inayotumia nusu ampea, na huiweka karibu kabisa na kichwa cha chanya, umbali usiozidi shubiri. Fyuzi iliyowekwa mwisho wa waya hulinda balbu na kuuacha waya wenyewe bila ulinzi. Hata spana yake ameizungushia tepu mpini mzima, isije ikaangukia vichwa viwili vya betri kwa pamoja.

Nilikumbuka mafundi wa aina nyingine ya taa ninaowastahi kwa mbali: wanaofufua mabango ya zamani ya neoni, yale ya mirija ya kioo ambayo Mfaransa Georges Claude aliionyesha Paris mwaka 1910. Wao wanashughulika na transfoma inayoweza kufikisha volti 15,000, huku mkondo wake ukiwa mdogo, kiasi cha miliampea 30. Umeme wao huruka hewani na kutafuta njia kwenye kila ufa wa waya uliochakaa, kwa hiyo hutumia waya wenye koti nene na huuweka mbali na chuma. Huku mwaloni mambo yamegeuka: volti ni chache na ampea ndizo za kuogopwa. Anayeshika bango la neoni anamlinda mpita njia. Anayeshika taa ya dagaa anawalinda watu walio usiku wa manane mbali na nchi kavu. Kanuni ya wote wawili ni moja. Jua umeme wako unaua kwa njia gani, kisha uuzibie njia hiyo kabla hujawasha.

Siku ya pili ilikwenda kwenye viungio. Nilidhani kuunga waya ni kusokota na kufunga tepu. Yeye huumenya waya kwa kisu bila kukata hata uzi mmoja wa shaba, kwa sababu kila uzi uliokatika ni mahali ambapo mawimbi yataanza kukatia mingine. Huukagua rangi. Shaba iliyogeuka nyeusi au kijani anaikata mpaka afike kwenye shaba inayong'aa, hata kama waya utapungua shubiri mbili. Husokota, hulehemu kwa pasi ya moto akisubiri risasi iyeyuke na kunywewa na waya yenyewe, si kudondoshewa juu. Akimaliza huvuta kiungio kwa nguvu. Kikikatika mezani, anashukuru.

Kisha hufunika kwa mrija wa plastiki unaosinyaa kwa joto, na juu yake ukanda wa mpira wa tyubu ya baiskeli uliovutwa na kukazwa sana. Tepu peke yake, alisema, huachia gundi yake ikipigwa jua la Mwanza wiki mbili. Mahali waya unapoingia ndani ya taa, huupiga fundo upande wa ndani, ili mtu akivuta waya fundo ndilo livutwe, kiungio kikae salama. Na kabla waya haujaingia, huuacha ushuke kidogo kisha upande. Nilimuuliza sababu. Alichukua tone la maji kwa kidole akaliweka juu ya waya. Tone liliteleza mpaka kwenye mshuko ule, likaning'inia, likadondoka. Halikupanda. Mshuko wa upana wa viganja viwili, usiogharimu hata senti, umelizuia ziwa lisiingie ndani ya taa.

Ile ndoo nilikuja kuijua jioni. Kila taa aliyoifunga aliizamisha humo, bila betri, akaishikilia chini ya maji huku ameinamisha uso kama mtu anayesikiliza. Kiputo kimoja kidogo kikipanda, anaitoa, anaifuta, anatafuta kilikotokea, anapaka silikoni, anaiacha ikauke usiku kucha, na kesho yake anaizamisha tena. Taa moja aliirudisha ndooni mara nne. Mwenye taa hiyo hatajua kamwe.

Hata mahali pa kuweka betri kwenye chelezo ana sababu yake. Huishusha chini kabisa katikati, ili uzito wake ukishikilie chelezo kisipinduke, na taa huisimamisha juu yake kiasi cha mkono mmoja. Juu ya balbu huweka kofia ya bati inayoutupa mwanga chini. Mwanga unaokwenda pembeni haumwiti dagaa, na unampofusha mvuvi anayehitaji kuona kamba, wavu na uso wa mwenzake gizani.

Betri zinapochajiwa, anazitoa nje ya kibanda, penye upepo, na hakuna anayevuta sigara karibu, kwa kuwa betri ya risasi ikichajiwa hutoa gesi ya haidrojeni inayolipuka. Paneli zake, wati 20 kwa kila betri, ameziinamisha kidogo tu. Hapa tuko karibu mno na ikweta, jua linapita utosini. Mwinamo huo ni wa mvua, ili ishuke na kuosha vumbi na kinyesi cha ndege. Betri zilizokufa hazitupi. Amezipanga kwenye kreti la plastiki, anamuuzia mnunuzi wa vyuma chakavu. Alinionyesha kwa kidevu upande wa mjini: jiji zima la Mwanza linakunywa maji ya ziwa hili. Risasi ya betri haina mahali pazuri pa kwenda humo.

Usiku wa tatu ndio niliomwelewa. Taa zote zilikuwa zimekwisha, zimefungwa, zimejazwa chaji. Nilidhani atawaita wenyewe waje. Badala yake alizipanga sakafuni kwa safu, akaziwasha zote saa moja jioni, akatandika mkeka pembeni yake. Kibanda kilijaa mwanga hadi wadudu wa ziwani wakaanza kuingia kwa mamia kupitia mianya ya mabati. Nje mwezi mpevu ulikuwa juu ya maji. Hakuna mvuvi aliyekuwa ziwani, na taa zilikuwa zikifanya kazi ya usiku mzima mbele ya mtu mmoja aliyelala na mita kifuani.

Aliamka saa tano, akapima kila betri, akaandika namba kwa chaki kwenye mbao ya chelezo. Aliamka saa nane, akapima tena. Moja ilikuwa inashuka haraka kuliko wenzake, ingawa kwa macho yangu ilikuwa inang'aa sawa na zote. Aliisogeza pembeni. Saa kumi ilianza kufifia. Alinitazama tu, nami nikamtazama. Hiyo ingefifia maili kadhaa kutoka ufukweni, mbele ya watu wanne, na hakuna ambaye angejua kosa ni la nani.

Asubuhi aliacha betri zipumzike saa kadhaa kabla ya kipimo cha mwisho, kwa sababu betri iliyotoka tu kazini au kwenye chaji husema uongo. Iliyojaa na kupumzika huonyesha volti 12.7 hivi, ikifika 12.2 imebaki nusu. Zilizosimama juu ya nusu alizichora alama ya vema. Ile moja aliifungua upya, akaanza mwanzo.

Mwezi ulipopungua na giza kurudi, nami nilirudi. Nilifika mwaloni kabla ya saa kumi na moja, baridi ya ziwa ikiwa bado kali. Kinamama walikuwa wamekwisha kufika na ndoo zao, tayari kuanika dagaa jua likitoka. Fundi alisimama mahali maji yanapoishia, mikono nyuma, hasemi na mtu. Mitumbwi ilipotokea, kila mmoja aliyekuwa pale alinyoosha shingo kuona umejaa kiasi gani. Yeye alikuwa anatazama taa. Ulipofika mtumbwi wa kijana wa betri ya pikipiki, aliinama juu ya vyelezo vilivyorundikwa nyuma yake, akahesabu kwa kidole. Taa zilikuwa tano, na zote zilikuwa zinawaka katika mwanga wa alfajiri ambao haukuzihitaji tena.

Aliingia majini mpaka magotini, akazizima moja moja kwa mkono wake.